Barua kutoka Pennsylvania: Bunduki Mezani



Mjomba, uliniuliza kwenye simu kama ni kweli huku watu hukaa na bunduki jikoni. Ya jirani yangu wiki hii iko jikoni kweli, ila haiwezi kumtisha hata panya. Imefunguliwa yote, skrubu ziko kwenye kisahani cha chai, na mzee mwenyewe kainama na kioo cha kukuzia, anasugua kijichuma kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Msimu wa kulungu unakaribia. Hapa Pennsylvania siku ya kwanza ya kuwinda kwa bunduki ni Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani. Zamani ilikuwa Jumatatu, wakaibadilisha 2019, na wazee hawajaacha kunung'unika. Kulungu kwa kawaida hawindwi kwa bunduki inayojijaza yenyewe, sheria ya jimbo haitaki, ndiyo maana zile za wenzo zingali na wapenzi. Umeziona kwenye filamu za makauboi: unashusha ule mkono wa chuma ulio chini, ganda linaruka nje, nyundo inakaa nyuma, ukiurudisha, risasi mpya imeshaingia. Na usidhani pwani yetu haizijui. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, urais ameuacha mwezi uliotangulia, mizigoni mwake mlikuwa na Winchester ya wenzo ya mwaka 1895, akaisifu kuwa ndiyo dawa ya simba.

Ya jirani ni Marlin 336, aina iliyoanza kuuzwa 1948. Ugomvi wake nayo ni kifyatulio. Alikifunga mizani ndogo ya springi akavuta, ikasoma ratili sita na ushei, na bunduki nzima ina uzito wa ratili saba hivi tu! Ukivuta kwa nguvu kiasi hicho mtutu utahama tu, hata uwe na jicho la mwewe. Tena kimelegea. Bunduki isipokokiwa, kifyatulio kinacheza huku na huku kama jino la mtoto, kwa sababu ndani hakikuungana na kile kijino kinachoishika nyundo. Ndivyo Marlin hizi zilivyoundwa, na wapo mafundi wanaouza kifyatulio cha kipande kimoja cha kubadilishia.

Nilitegemea nimwone akishika tupa. Hakushika. Kwanza aliosha. Mafuta ya miaka yalikuwa yameganda humo mpaka yamekuwa gundi, na baada ya kuyatoa, uzito ulipungua kabla hajasugua chochote. Kisha akapaka wino wa kalamu nyeusi mahali kijino kinapokutana na pengo la nyundo, akakoki na kufyatua bila risasi, akatazama wino umefutika wapi. Hapo palipokwaruza ndipo anapopitisha jiwe laini la kunolea, mara chache, kisha anapima tena. Anasema chuma hicho kimekomazwa kwa moto juu juu tu. Ukiipita ile ngozi ngumu unafika kwenye chuma laini, nacho kitalika upesi hadi siku moja nyundo iponyoke yenyewe. Pembe ya kijino haiguswi kamwe. Springi ya nyundo pia haikati, maana ikilegea sana nyundo haitagonga kwa nguvu ya kuwasha risasi, na kulungu atakuangalia tu aende zake. Akimaliza huikoki tupu, akakigonga kitako kwa nyundo ya mpira. Nyundo ya bunduki ikidondoka, vipande alivyovisugua vinakwenda jaani, hakuna kubembelezana.

Kilichonishangaza, mjomba, ni kwamba hakuna aliyemwomba ruhusa. Sheria yao ya bunduki ya 1968 inamdai leseni anayefanya ufundi huu kuwa biashara. Anayetengeneza yake mwenyewe mezani kwake, shauri yake. Huko kwetu Kenya mwenye bunduki moja halali anaijua Sura ya 114, ile sheria ya silaha, na cheti chake kuliko anavyoijua bunduki yenyewe. Sisemi twende njia ya huku. Nasoma magazeti ya hapa, na maiti wanaohesabiwa kila wiki hawakuuawa na ufundi mbaya wa kifyatulio. Hilo nimemwambia mzee mwenyewe, akanyamaza, akaendelea kusugua.

Lakini nilipomwona vile niliwakumbuka Wawaata, wale wawindaji wa ndovu wa huko Galana. Upinde wao ulikuwa unavutwa kwa nguvu inayopita ratili mia, na hakuna aliyeununua dukani ukiwa tayari. Mtu alichonga mti wake, akaupunguza kidogo kidogo, akaujaribu, akaurudia mpaka ukamfaa mkono. Sumu ya msunguti iliyopakwa kwenye mshale ndiyo iliyomwangusha ndovu, lakini kuachia uzi bila mkono kutikisika ndiko kulikoufikisha mshale, na hilo ndilo jirani analolitafuta kwa jiwe lake. Serikali ya kikoloni iliwakamata kwa wingi katika ile operesheni ya Tsavo ya 1956 na 1957, ikawaita majangili. Mei 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote, hata wa matajiri wenye leseni. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari ile moja, na jumba la makumbusho la Washington likawashukuru. Hadi leo sijaona haki iko wapi hapo.

Nimemsimulia mzee habari za upinde ule, na sasa hanipi nafasi ya kupumua. Anataka kujua uzi ulisokotwa kwa nini, na waliulainishaje usikwaruze kidole. Ukipanda upande wa Galana, mjomba, waulize wazee wa Kiwaata, nao ni watani wako. Mpwa wetu anirekodie kwa simu, na asiwakatize wanapoeleza.