Chini ya Reli Kuna Kutu na Kuna Watu

Mgeni afikapo Chicago, mji mkubwa ulio kando ya Ziwa Michigan nchini Marekani, shingo huanza kumuuma siku ya kwanza. Majengo ya mji huo ni marefu mno, na kila mgeni hutaka kuhesabu ghorofa zake. Hiyo ndiyo Chicago ya kadi za posta, nami niliitazama kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu nilikata shauri kutazama kitu kilicho chini zaidi, kimo cha ghorofa moja tu kutoka barabarani, ambacho wenyeji hupita chini yake asubuhi na jioni bila kuinua macho. Kitu hicho ni tumbo la reli ya juu.

Ndugu msomaji, usidhani kuwa nasema habari za reli kama tuzijuazo sisi, iliyolala juu ya kokoto. Katikati ya Chicago treni hupita juu ya mitaa yenyewe, kwenye daraja refu la chuma lililobebwa na nguzo, na chini yake hupita magari, akina mama na watoto wao, na makarani waendao kazini. Wenyeji huiita kwa herufi moja tu, "L". Sehemu yake iliyo mashuhuri kuliko zote huzunguka katikati ya mji kama kitanzi chenye urefu wa karibu kilomita 3, ikifuata mitaa minne: Lake, Wabash, Van Buren na Wells.

Nakiri kwamba nilipoichukua kamera yangu kwenda huko, nia yangu haikuwa njema sana. Nilitaka kurudi nyumbani na picha za kutu. Nilitaka kuwaambia wasomaji: tazameni, hata kwa matajiri chuma huoza.

Nina sababu. Nilipokuwa mtoto, mtalii mmoja aliingia uani kwa bibi yangu kule Bagamoyo, akalipiga picha jiko lake la mafiga na ukuta uliojaa masizi, kisha akaenda zake bila kusema hata hodi. Bibi alikuwa akipika wali wa nazi. Alimtazama mgeni yule akipotea njiani, akasema, "Amepiga masizi, chakula hakukiona." Maneno hayo nimetembea nayo tangu siku hiyo, na pengine ndiyo yaliyonifanya nishike kamera.

JUA KAMA KATIKA UKUTA WA MAKUTI

Nilianzia mtaa wa Wabash, saa sita mchana. Kwa kuwa reli hizi hazina sakafu, na mataruma yake ya mbao yamepangwa kwa kuachana, jua hupenya katikati yake na kuanguka barabarani vipande vipande, kama lipenyavyo katika ukuta wa makuti. Mtu apitaye huwa na mwanga usoni, mara kivuli, mara mwanga tena. Magari nayo huonekana kama yamevishwa kanga ya mistari.

Kupiga picha mahali hapo si kazi rahisi. Ukiielekeza kamera juu, mbingu ionekanayo kati ya mataruma ni nyeupe kupita kiasi, na chuma ni cheusi kupita kiasi, hata ikakupasa kuchagua kimoja na kukipoteza kingine. Nilingoja wingu. Lilipokuja na kuufunika uso wa jua, chuma kilianza kujionyesha. Niliona mihimili iliyounganishwa kwa vichwa vya ribiti vilivyojipanga kama vifungo vya koti, kila kimoja kilichopigwa na mtu. Niliona rangi iliyobanduka tabaka kwa tabaka, na chini ya rangi, kutu ya kila namna: nyekundu kama udongo wa Dodoma, ya manjano kama manjano ya pilau, na nyeusi mahali ambapo maji ya mvua hutiririka mwaka hata mwaka.

Sisi wa Pwani hatuhitaji kufundishwa habari za kutu. Tunajua jinsi bati linavyoliwa na upepo wa bahari. Chicago iko mbali sana na bahari, lakini chumvi haikosi. Wakati wa baridi kali hutiwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na magari huirusha pamoja na maji machafu hadi kwenye nguzo. Kwa hiyo miguu ya nguzo ndiyo niliyoiona imeumwa zaidi.

Kila baada ya dakika chache treni hupita. Kwanza nguzo hutetemeka kidogo mkononi. Kisha huja kishindo kinachonyamazisha kila kitu, na mahali reli inapopinda, magurudumu hulia kwa sauti kali. Niliwaona watu wawili wakizungumza. Treni ilipofika walinyamaza katikati ya neno, wakatazamana kwa subira, na ilipokwisha kupita wakaendelea na neno lile lile.

MIAKA ZAIDI YA MIA MOJA

Treni ya kwanza ya juu mjini humo ilianza kazi tarehe 6 Juni, 1892, ikivutwa kwa nguvu ya mvuke. Kitanzi chenyewe kilikamilika mwaka 1897. Mtu aliyekisimamia alikuwa tajiri mmoja, Charles Yerkes, ambaye sifa zake hazikuwa nzuri. Sheria ilitaka wenye mali kando ya mtaa watoe ridhaa kabla reli haijapita mbele ya milango yao, naye akaitafuta ridhaa hiyo mtaa mmoja baada ya mwingine, kwa kutumia makampuni mbalimbali. Baadaye aliuhama mji huo akaenda London kushughulika na reli za chini ya ardhi, na mwaka 1905 akafariki dunia. Yeye ameondoka, ribiti zimebaki.

Nazo zilikaribia kuondoka. Katika mji wa New York, ambao nao ulikuwa na reli za namna hii, zile za Manhattan zilibomolewa moja baada ya nyingine, na treni ya mwisho ya Third Avenue upande huo ilipita mwaka 1955. Leo mtu atakaye kujua mitaa ile ilivyokuwa chini ya vivuli vya reli hana budi kutazama picha, kama zile alizopiga Berenice Abbott katika miaka ya 1930. Chicago nako kulikuwa na mpango wa kukibomoa kitanzi na kuchimba njia ya chini badala yake, ila mwaka 1979 mpango huo uliachwa.

KONA YA WABASH NA LAKE

Nilipofika pembe ya Wabash na Lake, mahali reli inapopinda, nilisimama muda mrefu. Jioni ya tarehe 4 Februari, 1977, watu wakirejea makwao kutoka kazini, treni moja iliigonga nyingine kutoka nyuma mahali hapo, na mabehewa yakaanguka barabarani. Watu 11 walikufa, na wengine zaidi ya 180 waliumia.

Mtu atazamaye kutu ile angedhani chuma ndicho kilichokosa nguvu. La hasha. Uchunguzi ulionyesha kuwa dereva aliiingiza treni yake katika kipande cha njia ambacho bado kilikuwa kimeshikwa na treni nyingine. Chuma kilibeba mzigo wake. Aliyekosea ni binadamu. Hapo nilianza kuzionea shaka picha zangu. Nilikuwa nimekwisha piga zaidi ya mia, na katika zote hizo hamkuwa na mtu hata mmoja.

MZEE KANDO YA NGUZO

Nilikuwa nimepiga goti nikiitazama miguu ya nguzo, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Kijana, wewe ndiwe utakayeipaka rangi?"

Alikuwa mzee Mmarekani mweusi, amevaa kofia ya sufi, ana mfuko wa vitu vya dukani mkononi. Nilisimama, nikamwamkia, nikamwambia kuwa mimi ni mwandishi wa habari kutoka Tanzania.

"Na hizi picha za kutu, utawaambia nini watu wa kwenu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Treni ilikuwa ikija, basi sote wawili tukanyamaza kama desturi ya mahali pale. Ilipopita, alisema kwamba ameipanda kwenda kazini miaka 38. Humo ndimo alimokutana na mke wake, na kwa treni hiyo hiyo alikwenda kumtazama hospitali mpaka siku alipofariki. Aliyasema hayo bila huzuni, kama mtu atajaye vituo vya safari.

"Kutu ipo," akasema. "Mimi pia magoti yanauma. Lakini naona bado tunafanya kazi."

Nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha. Aliweka mfuko chini, akavua kofia, akaegemea nguzo. Nilipiga tatu tu. Katika ile iliyo bora, mistari ya mwanga imepita usoni mwake na kwenye chuma pia, na kutu ionekane wazi kabisa nyuma ya bega lake. Sikuificha. Lakini mtazamaji huanza na mzee, ndipo aifikie kutu. Picha zile zaidi ya mia sikuzifuta, ila sikumpa mhariri hata moja.

TWENDE TUKATAZAME NA KWETU

Tangu mwaka 2024 treni zetu za umeme huondoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, na mwanzo wa safari hupita juu ya daraja refu la zege, juu ya barabara za mji. Zege halina kutu ya kuonekana, lakini ndani yake mna nondo, na upepo wetu una chumvi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi kama hii huhitaji watu wa kuitazama kutoka chini, nao si mafundi pekee. Mwananchi apitaye hapo kila siku ndiye awezaye kuuona ufa ungali mwembamba kama unywele.

Niliporudi nyumbani nilikwenda huko na kamera. Chini ya daraja niliwakuta vijana wa bodaboda wamejipumzisha kivulini, na mama mmoja akiuza maandazi. Sikuitoa kamera mfukoni. Nilibisha hodi kwanza, nikanunua andazi, nikaketi.