Kabila Jipya Mchezoni

Kuna ugomvi ambao mtu akiusikia kwa mbali hucheka, lakini akiukaribia huona kwamba si wa kucheka. Wajukuu wakigombania kigoda kilicho karibu na babu yao, mpita njia husema, "Mti tu huo, chongeni kingine." Hajui kwamba watoto hawagombanii mti, wanagombania kukaa karibu na babu. Leo nawasimulia ugomvi wa namna hiyo niliouona ugenini, uliohusu makabila ambayo hayapo duniani hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2006 nilikwenda Uingereza kumtazama dada yangu, afanyaye kazi ya kuwahudumia wazee wasiojiweza. Nilikaa kwake miezi minne. Ana vijana wawili. Mkubwa, aliyekuwa na miaka 20, alikuwa chuoni Aberdeen, kule Scotland. Mdogo, wa miaka 15, alibaki na mama yake upande wa kusini. Kati yao ilikuwa safari ya treni ya kutwa nzima. Kwa simu hawakuwa na maneno. "Mzima?" "Mzima." "Mama yuko wapi?" "Kazini." Basi, simu imekwisha.

Lakini Jumamosi jioni, mama yao akishakwenda zamu ya usiku, mdogo alikaa mbele ya kompyuta, akavaa visikilizio masikioni, na kaka yake kule Aberdeen akafanya vivyo hivyo. Wakaingia pamoja katika mchezo uitwao World of Warcraft. Humo walizungumza saa tatu, hata saa nne, bila kuchoka. Mimi nikiwa na gazeti langu pembeni nilimsikia mdogo akimweleza kaka yake habari za shule, za mwalimu asiyeelewana naye, za viatu vinavyombana, huku mikono yake ikipigana na majoka.

Niueleze mchezo huo kidogo, maana asiyeujua hawezi kuuelewa ugomvi wenyewe. Ulitolewa Marekani Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment. Huchezwa kwa njia ya intaneti, na watu walio mbali mbali hukutana humo kana kwamba wako kiwanja kimoja. Kila mchezaji ana mtu wake amwongozaye, naye huanza ngazi ya kwanza na kupanda kwa kufanya kazi na kupigana vita. Nchi yenyewe ni ya kubuni, jina lake Azeroth, na ina pande mbili zenye uadui: Alliance na Horde. Mwanzoni makabila yalikuwa 8, manne kila upande. Alliance walikuwa na binadamu, na watu wafupi wenye ndevu ndefu, na wengineo. Horde walikuwa na watu wa kijani wenye meno yaliyotokeza, watu wenye pembe na kwato kama fahali, hata na wafu waliotoka makaburini.

Tena kulikuwa na sheria moja kali. Mtu wa Alliance hakuweza kusema na mtu wa Horde. Akiandika neno, yule wa ng'ambo aliona herufi zilizovurugika tu. Wala hawakuweza kuungana katika kikundi kimoja na kwenda vitani pamoja. Ishikeni sheria hii, maana ndiyo iliyoleta machozi.

Wapwa zangu wote wawili walikuwa Alliance, na kwa kazi ya miezi mingi walikuwa wamefika ngazi ya 60, iliyokuwa ya juu kabisa wakati ule. Mdogo alikuwa paladin, yaani askari mwenye deraya apiganaye kwa nguvu ya nuru na kuwaponya wenziwe. Kazi hiyo ilikuwa ya Alliance peke yao. Horde nao walikuwa na kazi yao, ya shaman, mganga aamrishaye moto na radi.

Basi, tarehe 16 Januari 2007 ilitoka sehemu mpya ya mchezo, The Burning Crusade, ikaleta makabila mawili. Alliance walipewa Draenei, watu wakubwa wenye kwato na mkia, walioanguka kutoka angani kwa chombo chao. Horde walipewa Blood Elves, watu warembo wenye masikio marefu yaliyochongoka. Zaidi ya hayo, Blood Elves waliruhusiwa kuwa paladin, na Draenei kuwa shaman. Yaani kila upande ulipewa kilichokuwa fahari ya mwenziwe.

Wachezaji walikuwa wameanza kubishana tangu habari hizo zilipotangazwa. Wengine walisema Horde ni upande wa watu wakali na wabaya wa sura, wale warembo wanakuja kufanya nini huko? Wengine walijibu kwamba hiyo ndiyo dawa, kwani watu wengi hukimbilia Alliance kwa sababu ya sura nzuri. Wengine walikumbusha kwamba katika hadithi za zamani watu hao wenye masikio marefu walikuwa rafiki za binadamu. Inakuwaje leo wahamie kwa adui? Na juu ya Draenei walisema kwamba habari zao mpya hazilingani na kitabu cha mwaka 2002. Katika hilo hawakukosea, maana Chris Metzen, aliyekuwa mkuu wa hadithi za mchezo huo, alikiri hadharani mwaka 2006 kwamba alisahau aliyoyaandika mwenyewe.

Ugomvi huo wa dunia nzima ukaingia katika nyumba ya dada yangu. Jumamosi moja nilisikia mdogo akipaza sauti, "Msaliti!" Kisha akavua visikilizio na kuvitupa mezani. Kaka yake alikuwa amemwambia kwamba anaanza upya kama Blood Elf.

Nilimwuliza kuna nini. Akanimwagia hoja zote. "Mjomba, paladin ni wetu! Tumehangaika, halafu wanawapa adui bure. Tena wale hawana historia ya huko. Wameuharibu mchezo."

Nikamwacha amalize. Kisha nikamwuliza, "Mpwa wangu, hao Blood Elves wangepewa upande wenu, ungekasirika?"

Akafikiri. "Hapana, Mjomba."

"Na kama wangekuwa paladin huku kwenu?"

"Wangekuwa tu."

"Basi kinachokuuma si paladin."

Akanyamaza. Baadaye akasema polepole, "Akienda kule hatutaweza kuzungumza."

Kesho yake nilimpigia simu mkubwa. Akanisalimu vizuri, "Shikamoo, Mjomba." Nikamwuliza habari za jambo lile, naye akanijibu bila hasira. "Mjomba, huku sina mtu. Tangu nifike chuoni, hawa wanane wa bwenini ndio wa kwanza kunialika katika jambo lao. Wote wanaanza Horde. Nikikataa, nitarudi chumbani kwangu peke yangu. Mdogo wangu ana mama. Ana wewe. Ana nyumba."

Ndugu zangu, nani hapo alikuwa na kosa? Mmoja aliogopa kuachwa, mwingine aliogopa kubaki mpweke. Wote wawili walikuwa wanatafuta mtu wa kuzungumza naye, lakini midomoni mwao yalitoka maneno ya makabila na masikio marefu. Kampuni ilipopanga nani akae upande gani, haikuwa na habari kwamba mpaka wake umepita katikati ya watoto wa mama mmoja.

Dada yangu aliporudi kazini, amechoka, tulimweleza. Hakuujua mchezo, lakini aliwajua wanawe. Akasema, "Siku ni saba. Kwani Jumamosi imeoza?" Kwa maneno hayo shauri likapatikana. Ilikuwa lazima mkubwa aanze katika seva nyingine, kwa kuwa seva yao ilikuwa ya mapigano, na humo mchezaji hakuruhusiwa kuwa na watu katika pande zote mbili. Basi Jumamosi akawa Blood Elf pamoja na wenzake wa bwenini, na Jumapili jioni akarudi kwa askari wake wa zamani, kumkuta mdogo wake.

Wakaendelea hivyo majuma kadhaa. Kisha jambo la kuchekesha likatokea. Mdogo, yule aliyeapa kwamba hatakanyaga kwa adui, akamwomba kaka yake jina la ile seva nyingine. Nilipochungulia kioo cha kompyuta nikaona kijana wa masikio marefu, mwenye nywele za dhahabu, yuko ngazi ya kwanza, anapiga paka wa porini. Blood Elf. Tena paladin! Nikamtazama. Akasema, "Mjomba, usimwambie mama." Sikumwambia, lakini alijua. Na wale wanane wa bwenini wakampokea, wakawa wanamwita "mdogo wetu".

Tangu hapo mchezo umeongezewa makabila mengi, na kila mara maneno huwa mengi. Mwaka 2012 waliletwa Pandaren, watu wenye umbo la dubu mweupe na mweusi wa China. Wengine walisema ni mzaha wa watoto, wengine walisema wamewangoja kwa miaka. Hao walikuwa wa kwanza kuruhusiwa kuchagua upande wo wote. Mwaka 2018 yalikuja makabila ambayo mchezaji hakuweza kuyatumia hadi afanye kazi nyingi na kupata urafiki wao. Wakazi wa zamani wakaona ni haki, wageni wakaona ni ushuru. Na mwaka 2022, baada ya zaidi ya miaka 17, wachezaji wa Alliance na wa Horde waliruhusiwa kuungana kikundi kimoja katika mapango na mapigano makubwa. Mpwa wangu mdogo, ambaye sasa ni mtu mzima, aliniletea habari hiyo kwa simu kabla hata hajaniuliza hali.

Ninyi wazazi mnaosoma haya, huenda mchezo kama huo haujafika kijijini kwenu, au umefika kwa njia ya simu za vijana na hamjui jina lake. Si kitu. Siku mtakaposikia watoto wanagombana kwa sababu ya jambo mnaloliona la kipuuzi, msikimbilie kusema, "Acheni upuuzi huo." Wala msipoteze muda kuamua nani ana hoja nzuri. Waulizeni swali moja tu: jambo hilo likitokea, utampoteza nani? Mwenye hoja nyingi hunyamaza kidogo, kisha hutaja jina la mtu. Mkishalijua jina hilo, tafuteni siku ya kuwakutanisha, maana siku ni saba.