Nilivyompotosha Kaka Yangu

Jambo hili lilitokea katika likizo ya mwezi wa Juni, nami ndiye mwenye kosa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa amepatikana na kifua kikuu, akaanza kumeza vidonge vya miezi sita. Siku ya tatu alirudi kutoka chooni uso umemsawijika. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, karibu na wekundu. Kwetu Usukumani tunalima mpunga majarubani, na kila mtoto anajua kwamba mkojo mwekundu ni kichocho. Bibi akasema vidonge vinamkata matumbo. Basi nikaulizwa shauri mimi, msomi wa nyumba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Nikajibu kwa kiburi, “Kaka, acha kwanza.” Akaacha siku mbili.

Mama Muuguzi wa zahanati alipopata habari alikuja mwenyewe. Hakutugombeza. Aliponda kidonge kimoja katika kikombe cheupe chenye maji, na maji yakageuka rangi ile ile mbele ya macho yetu. “Hii si damu, ni dawa yenyewe,” alisema. “Hata machozi na jasho vinaweza kugeuka. Lakini siku mlizoacha, wadudu wa kifua wamepumzika.” Nilitamani ardhi inimeze.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Baiolojia rangi ile ilipita njia gani. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, na ndani yake si laini kama mpira wa maji. Umejaa vijinyama mfano wa vidole, virefu kiasi cha milimeta 1 au pungufu, na kila kimoja kina mishipa ya damu. Sote tulikariri kwamba ukiikunjua ngozi ile itafunika uwanja wa tenisi. Kumbe mwaka 2014 Helander na Fändriks wa Sweden walipima upya, wakapata mita za mraba 30 hivi tu. Kwangu mimi hata huo ni mkeka mkubwa wa kutosha.

Dawa ile yenye rangi huitwa rifampisini. Kuta za chembe za utumbo ni za mafuta, na rifampisini hupatana na mafuta, kwa hiyo hujipenyeza ikaingia damuni, na mshipa mmoja mkubwa huipeleka kwenye ini. Sehemu yake hurudishwa utumboni pamoja na nyongo, na sehemu nyingine hutoka kwa njia ya mafigo. Kumbe rangi iliyotutisha ilikuwa ishara kwamba dawa imevuka! Baadhi ya rangi za peremende hazivuki hivyo: zimetengenezwa zipatane na maji, basi hutupaka ulimi, na nyingi yake hupita utumboni bila kuingia damuni.

Jambo moja lilinitatiza zaidi. Mama Muuguzi aliagiza kaka ameze vidonge kabla ya kula, kwani chakula hupunguza rifampisini inayoingia damuni. Mbona dawa mseto ya malaria tunaambiwa tuimeze pamoja na chakula au maziwa? Mwalimu akacheka. Lumefantrini iliyomo katika dawa mseto haiyeyuki vizuri katika maji, nayo huhitaji mafuta ya chakula ili ivuke. Utumbo ni ule ule, lakini kila dawa ina masharti yake, na mimi nilikuwa nimetoa shauri bila kujua hata moja.

Likizo ya Desemba nilimkuta kaka akimaliza vidonge vyake vya mwisho, amenenepa. Kila alfajiri alimeza, kisha tukakaa kibarazani saa nzima tukiitazama sufuria ya uji, na Bibi amesimama na mwiko mkononi asituruhusu kuigusa. Saa ilipotimia alinipakulia mimi mwisho.