Ngisi, Hesabu na Kifafa



Ngisi tunamfahamu kutoka Feri na Kunduchi, akiwa kitoweo. Wachache wanajua kwamba ana uzi wa neva mnene ajabu, karibu nusu milimita au zaidi, unaoonekana kwa macho. Kwa sababu ya unene huo Waingereza wawili, Alan Hodgkin na Andrew Huxley, waliweza huko Plymouth kupenyeza waya mwembamba ndani yake na kupima umeme upitao humo.

Vipimo peke yake havikutosha; ilibidi kukokotoa. Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa imesimamishwa kwa marekebisho. Basi Huxley akaketi na mashine ya hesabu ya kuzungushwa kwa mkono, siku baada ya siku, hadi namba zikatoa umbo lile lile la umeme lililoonekana maabara. Walipochapisha kazi hiyo mwaka 1952 alikuwa na miaka 34. Mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel, ingawa mimi huvutiwa zaidi na ule mpini wa mashine. Kijana wa VIWAWA aliyeniuliza achague baiolojia au kompyuta na amtazame mtu huyu.

Padre wa Mbagala anahusikaje na ngisi? Umeme wa namna hiyo ukifyatuka kwa wingi na kwa pamoja katika ubongo, huleta kifafa. Nacho kimo nyumbani mwetu.

Juma lililopita mama mmoja aliniletea mwanawe nimwombee atokwe na pepo. Alikuwa amemwachisha dawa, kwa kuwa aliambiwa vidonge ni upungufu wa imani. Nilimwombea mtoto. Kisha nikamweleza mama kwamba kuacha dawa ghafla kwaweza kuleta kifafa mfululizo, hata kifo.

“Baba Paroko, ameze vidonge na pepo abaki?”

Nikamsimulia habari za Mahenge. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu ya moto: walipoangukia mekoni watu waliogopa kuwagusa, wakidhani mate yao huambukiza. Walipopewa dawa, wengi walipungukiwa na kuanguka.

Mama alinyamaza muda mrefu, akimtazama mwanawe. Mkononi mwa mtoto mlikuwa na kovu. Jumatatu mwenyekiti wa jumuiya yake atamsindikiza kliniki.