Siku Moja Jambiani

Wazazi kadhaa wametuuliza ni lipi lililotokea Jambiani, siku ile wanafunzi wetu walipokwenda pwani. Habari imefika majumbani vipande vipande, kila mtoto na kipande chake, nasi tumeona ni haki yenu kuisikia kwetu tuliopewa amana.

Ilikuwa siku ya nne Unguja, baada ya kuvuka mpaka wa Lunga Lunga na kupanda boti Dar es Salaam. Kizimkazi tulikwisha kuzuru, tukauona msikiti wa kale na maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria. Siku iliyobaki tuliwaahidi watoto bahari.

Tulifika saa nne asubuhi, maji yamekupwa mno. Bahari ilikuwa imekwenda zake hadi mwambani, ikaacha mchanga mweupe, vidimbwi, na safu za vijiti vilivyofungwa kamba, ambavyo ndivyo mashamba ya mwani. Wavulana wakaomba kwenda mwambani, tukawapa ruhusa. Wasichana tukawaambia wangoje minazini hadi tuwatafutie mahali pa faragha. Hatukupatafuta. Chai ya tangawizi ililetwa, nasi tukakaa kuzungumza.

Wasichana hawakungoja. Kina mama wa mwani waliwaita, nao wakapandisha mabuibui kidogo, wakaingia. Wakafunzwa kufunga vipande vya mwani kambani. Waliambiwa kwamba hukomaa kwa wiki sita hivi, ukaanikwa na kuuzwa, na huko ng'ambo hutolewa ute wa kugandishia vyakula na hata dawa ya meno. Kilimo hiki kilishika hapo mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mmoja alijenga nyumba kwa mwani; mwenziwe alilalamika kuwa bei ni duni na maji yakipata joto mwani hufa.

Mara msichana mmoja akaja mbio. "Maalim, bi mkubwa asema kaka zetu waitwe, maji yanarudi."

Tukamjibu, "Bado mapema, mwanangu. Nasi tumezaliwa pwani."

Haukupita muda, bi mkubwa akaja mwenyewe, kanga zimerowa. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Maalim, leo mwezi ngapi?"

Mwezi kumi na tano. Tuliona haya, kwani sisi ndio tunaowafundisha watoto funga ya siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15. Tulisahau kwamba siku hizo hizo ni bamvua, maji yakipwa sana na kujaa sana, tofauti ikifika yapata mita 4. Akatueleza kuwa mkondo ulio kati ya mwamba na pwani hujaa mwanzo, na aliye mwambani hana habari, maana miguu yake bado i pakavu.

Wavulana saba walikuwa huko. Mjukuu wake akasukuma ngalawa kwa upondo, mwalimu mmoja akapanda naye. Watano wakakutwa njiani, maji kiunoni, wameshikana mikono. Wawili walikuwa bado mwambani wakiokota makombe, na mmoja wao hajui kuogelea. Kufika saa saba wote walikuwa mchangani, alhamdulillahi, bila ya dhara ila nyayo zilizochanwa na mwamba.

Tukasali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kupunguza. Bi mkubwa alikataa fedha, akapokea tende. Ndiye pia aliyewapeleka wasichana penye ukuta wa mawe, kina mama wakasimama mlangoni, wakaoga kwa raha zao hadi saa kumi.

Garini, yule asiyejua kuogelea alikaa nyuma yetu, hakunena neno hadi mjini. Baba yake tulimpigia simu usiku ule ule, kabla hajasikia kwa mwingine.