Nyota Nne za Mji wa Chicago

Mji wa Chicago umejengwa kando ya ziwa kubwa la Michigan, katika jimbo la Illinois, nchi ya Marekani, nao una watu wapatao milioni mbili na laki saba. Mgeni afikaye huko kwa mara ya kwanza hushangazwa na majumba marefu. Lakini akisimama kidogo juu ya daraja la barabara ya Michigan, lililofunguliwa mwaka 1920, ataona jambo jingine. Upepo wa ziwani huvuma pale, na bendera hupepea. Mojawapo ni nyeupe, yenye mistari miwili ya buluu, na katikati yake nyota nne nyekundu. Hiyo si bendera ya taifa wala ya jimbo, bali ni ya mji wenyewe. Akiendelea na safari yake ataiona tena mlangoni pa duka, juu ya kofia ya mpita njia, katika kikombe cha kahawa, hata imechanjwa katika mkono wa kijana.

Mkulima ajua faida ya alama, maana ng'ombe hutiwa chapa kwa chuma cha moto ili mtu mwingine asije akadai kuwa ni wake. Karani naye ajua kwamba hati isiyo na muhuri haina nguvu. Mji nao una alama zake, na sheria ya kuzilinda. Lakini alama ya mji ni mali ya nani? Ni ya Serikali ya mji, au ni ya kila mtu akaaye humo? Sheria za Chicago hazikutoa jibu moja tu, kwa kuwa mji huo una alama tatu, na kila moja ina kanuni yake.

Ya kwanza ni muhuri. Huo una ngao yenye mganda wa ngano katikati. Upande mmoja merikebu iliyotweka matanga. Upande wa pili mwenyeji wa asili wa nchi, ameshika upinde na mshale. Na juu ya yote mtoto mchanga aliyelala. Chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini, Urbs in Horto, maana yake "Mji katika Bustani", na kuuzunguka ni tarehe 4 Machi 1837, siku Chicago ilipofanywa kuwa mji kwa sheria. Muhuri huo hutunzwa na Karani wa Mji, na kazi yake ni kuthibitisha hati za Serikali. Si pambo. Mfanyabiashara hana ruhusa ya kuupiga juu ya mali yake, kwa sababu muhuri ni kauli ya Serikali, na kauli ya mtu haisemwi na mwingine bila idhini yake.

Ya pili ni bendera, iliyokubaliwa na Baraza la Mji mwaka 1917. Aliyeitunga ni Wallace Rice, mwandishi aliyekuwa na elimu nyingi ya mambo ya bendera. Sehemu tatu nyeupe ni pande tatu za mji, yaani kaskazini, magharibi na kusini. Mstari wa juu wa buluu ni ziwa pamoja na tawi la kaskazini la mto. Mstari wa chini ni tawi la kusini na mfereji mkubwa. Nyota zina ncha sita kali, wala si tano, kwa kuwa Rice aliona nyota ya ncha tano ni alama ya nchi zijitawalazo, naye alitaka nyota isiyofanana na ya bendera nyingine. Kila ncha ilipewa maana yake, kama vile kazi, biashara, haki na elimu.

Kwa habari ya matumizi, sheria yasema kwamba bendera yaweza kutumiwa kwa kupamba na kuonyeshwa kama ilivyo desturi, lakini ni marufuku kuongeza juu yake herufi, neno au picha isiyotajwa katika sheria. Avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini ya dola chache. Hata hivyo watu wa Chicago wamezitia nyota zile katika kila kitu, na desturi imekuwa pana kuliko maandishi ya sheria. Na heshima haikupungua. Mara nyingine askari polisi au mzima moto afapo kazini, jeneza lake hufunikwa kwa bendera hiyo hiyo ambayo wengine huivaa kifuani siku ya mchezo.

Alama ya tatu ni ndogo, na wageni wengi hupita bila kuiona. Ni umbo la herufi Y ndani ya duara. Mwaka 1892 gazeti moja la Chicago lilifanya mashindano ya kutafuta alama ya mji, na mshindi alichora mto jinsi ulivyo, kwa maana matawi yake mawili hukutana mahali paitwapo Wolf Point, na kutoka hapo mto ni mmoja. Alama hii sheria iliwaachia watu wote waitumie katika shughuli zao zisizo za Serikali, kila mtu kwa rangi na namna impendezayo. Atazamaye vizuri ataikuta katika madaraja, kutani mwa majumba, na juu ya mlango wa jumba maarufu la michezo, nyuma ya jina la Chicago lenyewe.

Basi muhuri umefungiwa ofisini, bendera imeachwa kwa masharti, na Y imetolewa bure. Mpango huo ni wa busara. Lakini kuna jambo moja ambalo Baraza la Mji halikuliachia mtu yeyote, nalo ni hesabu ya nyota.

Mwaka 1917 nyota zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa ukumbusho wa Moto Mkubwa wa Oktoba 1871, uliowaua watu kama 300 na kuwaacha watu wapatao laki moja bila nyumba. Mji mwingine ungependa kuusahau msiba kama huo. Chicago iliushona juu ya bendera yake. Ya pili ilikuwa ya Maonyesho Makubwa ya mwaka 1893. Mwaka 1933 iliongezwa nyota ya maonyesho mengine yaliyofanywa mwaka huo, na mwaka 1939 ikaongezwa ya nne, kwa ajili ya ngome ya askari iitwayo Fort Dearborn, iliyojengwa mwaka 1803. Nyota hiyo ndiyo iliyowekwa ya kwanza, karibu na mlingoti.

Hapo yafaa mgeni arudi darajani. Upande wa kusini, katika njia ya miguu, kuna vibao vya chuma vinavyoonyesha mahali ngome iliposimama. Upande wa kaskazini, hatua chache kutoka mtoni, pana sanamu ya kichwa cha mtu mweusi. Jina lake ni Jean Baptiste Point du Sable. Alikaa hapo kabla ngome haijajengwa, pamoja na mkewe Kitihawa, wa kabila la Potawatomi. Alikuwa mkulima na mfanyabiashara, mwenye nyumba nzuri, ghala, kinu, mahali pa kutengenezea siagi, na ng'ombe wengi. Mwaka 1800 aliuza mali hiyo akahama, naye alikufa mwaka 1818. Watu wa Potawatomi nao walitia sahihi mkataba mwaka 1833 wa kuitoa ardhi yao, wakahamishwa ng'ambo ya mto Mississippi. Mtu mwenye upinde alibaki katika muhuri. Watu wake hawakubaki katika nchi.

Kwa hiyo ngome ina nyota, bali mkulima aliyeitangulia hana. Mji umejaribu kulipa deni hilo kwa njia nyingine. Mwaka 2010 daraja lile lilipewa jina la DuSable, na mwaka 2021, baada ya mabishano marefu, Baraza likakubali kuliongeza jina lake katika jina la barabara kuu ya kando ya ziwa. Wako pia waliotaka nyota ya tano kwa mambo mengine. Wengine waliiomba kwa ajili ya Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyechaguliwa mwaka 1983 akafa kazini mwaka 1987. Wengine waliiomba kwa ajili ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, iliyoanzishwa katika mji huo mwaka 1968. Nyota hiyo haijashonwa.

Huenda Baraza lina haki kuwa zito, kwa kuwa bendera inayobadilishwa kila mwaka haitambuliwi na mtu. Lakini wahenga walisema, usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mji uliokubali kuukumbuka moto wake mbele ya watu wote waweza pia kumkumbuka mtu aliyelima kwanza mahali pale. Kwa sasa jina lake liko chini, katika daraja ambalo watu hulikanyaga kila siku, na juu yao bendera yapepea na nyota zake nne.