Mdomo Unawaka Moto, Lawama Zote kwa Mkwe

Jamani, hii ni stori ya ndani ya familia, kwa hiyo majina kapuni.

Nina shangazi yangu, ana miaka 50 na kitu, anaishi na mwanawe na mkwe wake. Miezi kadhaa kila jioni alikuwa anaonja chakula, anasukuma sahani, anasema ulimi unawaka kama katafuna pilipili mbichi. Wifi yangu akatoa pilipili jikoni, akaacha ndimu, akapunguza chumvi. Wapi! Mwisho shangazi akaanza kuwaambia majirani eti anawekewa kitu kwenye chakula. Mnajua neno kama hilo likishatoka nje linafanya nini kwenye ndoa ya watu. Wifi alishafikia hatua ya kutaka kurudi kwao.

Huku upande wa wifi nao wakasema mama ana visa tu, kwa sababu ukimmulika mdomoni huoni kidonda wala uvimbe. Safi kabisa!

Kilichotufungua macho ni pale shangazi alipoenda kukaa kwa mdogo wake wiki mbili. Moto ukamfuata huko huko. Ndiyo tukampeleka hospitali.

Kumbe hili tatizo lipo na linajulikana. Linawapata zaidi wanawake waliokoma hedhi au wanaokaribia kukoma. Ulimi, midomo au kaakaa vinawaka, mate yanakuwa kama yamekauka, wengine wanasikia uchungu au ladha ya chuma mdomoni. Kwa wengi asubuhi kuna nafuu, halafu moto unapanda kadiri siku inavyokwenda. Sasa fikiria: unapamba moto jioni, na jioni ndiyo mkwe anapakua. Nani atalaumiwa?

Mwanamke anahesabiwa amekoma hedhi akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo homoni haifanyi kazi kwenye uzazi tu, hata mdomoni na kwenye tezi za mate ipo. Wataalamu wanaona mishipa ya fahamu ya maumivu na ladha ndiyo inayovurugika, ndiyo maana kwa macho huoni kitu. Ongeza msongo wa mawazo: maumivu yanaleta stresi, stresi inazidisha maumivu. Na shangazi alikuwa halali, mume kafariki, watoto wametawanyika.

Ila msikimbilie kusema "ni homoni tu". Daktari alianza kwa kuondoa sababu nyingine: fangasi wa mdomoni, upungufu wa madini ya chuma na vitamini B12, kisukari, meno ya bandia yasiyokaa vizuri, hata baadhi ya vidonge vya presha. Hizo zina tiba yake, na dawa ya presha haiachwi bila daktari. Kwa shangazi vyote vilikuwa sawa, ndipo akapewa jina la ugonjwa wake.

Tiba ya siku moja hakuna, na homoni za kuongezewa si uhakika kwamba zitauzima huo moto. Kuna dawa za kutuliza mishipa ya fahamu anazoandika daktari, kuna ushauri nasaha, na vitu vidogo kama kunywa maji kidogo kidogo, kumung'unya barafu, kuacha pilipili, ndimu, pombe na sigara. Shangazi hajapona kabisa, ila analala. Na alimwita wifi chumbani, wakafunga mlango, wakaongea wenyewe. Walichoambiana hatujui, ila wifi hakuondoka.

Kwangu mimi, wote wawili walikuwa wanasema kweli: chakula hakikuwa na kitu, na mdomo ulikuwa unawaka. Mama zetu wanafundishwa kunyamaza kuhusu kukoma hedhi, kwa hiyo mwili ukibadilika wanatafuta mchawi. Kama kuna mama kwenu analalamika mdomo unawaka, msimwite muongo na msimtafute mbaya wake. Mpelekeni akapimwe kwanza.

Nyie kwenu mnaongea haya mambo na mama zenu, au ni kimya tu?